Swali Aliloulizwa Thomasi

Kila lori la mashudu lilipopita Dutwa likielekea Lamadi, Milembe aliacha alichokuwa akikifanya. Kama ameshika jembe, jembe lilitua. Kama anasaga, mkono ulisimama juu ya jiwe. Harufu ile ya mbegu za pamba zilizokamuliwa ndiyo aliyokuja nayo mwanawe Thomasi kila Jumamosi alipotoka kazini Maswa, akiwa na gunia la mashudu ya ng'ombe nyuma ya baiskeli na mikono myeusi kwa grisi. Thomasi alikuwa fundi wa mitambo kwenye kinu cha ushirika cha kuchambulia pamba na kukamulia mbegu zake. Alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume, na baba yake alikwisha kufariki.

Kisha likaja soko huria. Malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kuingia vijijini na mizani yao, chama cha ushirika kikakosa pamba ya kuchambua, na kinu kikanyamaza. Thomasi akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Alirudi Dutwa na kitanda chake, sanduku la spana, na ukimya ambao mama yake hakuwahi kuuona kwake.

Mwanzoni Milembe alidhani ni uchungu wa kazi. Lakini Thomasi akaacha kulala. Alizunguka uani mpaka kunakucha, akisema anasikia mtambo ukiunguruma bila mafuta na lazima akautie mafuta kabla haujavunjika. Aliacha kula. Alimtazama mama yake kama anamtafuta mtu mwingine nyuma yake. Wakampeleka kwa mganga, wakampeleka kwa katekista akaombewa, akatulia kidogo, kisha ikarudi kwa nguvu zaidi. Siku ya kuuza pamba, msimu wa pili wa soko huria, alipanda juu ya lori la mnunuzi mmoja akaanza kurusha mafurushi barabarani, akipiga kelele kwamba mizani ile inawaibia watu. Wapo waliosema baadaye kwamba kuhusu mizani hakukosea. Lakini alimpiga dereva kwa spana, damu ikatoka, na polisi wakaja.

Milembe siku ile alikuwa Mkula kwa binti yake aliyejifungua. Habari zilipomfikia alitembea, akapanda gari, akatembea tena, na alipofika Bariadi mambo yalikwisha. Daktari alikuwa amempima Thomasi, hakimu alikuwa ameandika amri apelekwe hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili huko mbali relini, na aliyesimama mbele ya hakimu kama ndugu alikuwa Mashimba, mdogo wa marehemu mumewe. Gari lilishaondoka.

"Ningefanya nini, mama Thomasi?" Mashimba alimwambia. "Angeua mtu."

"Atarudi lini?"

Mashimba alitazama chini. "Huko watu hawarudi. Wewe mwombee tu."

Milembe akaamini, kwa sababu hakujua la kumfanya asiamini. Aliyeamua ni serikali, na yeye Kiswahili chenyewe alikipapasa kama mtu anayevuka mto asioujua. Akawa mama wa mtoto ambaye hakufa na hakuwepo. Hilo ndilo lililomchosha kuliko yote. Mtoto akifa watu hukaa nawe matanga, wanakupikia, wanalia nawe, kisha moyo unatafuta pa kukaa. Kwake hakuna aliyekuja. Watu walipomsalimia waliuliza habari za mifugo, za mvua, za wajukuu, na jina la Thomasi walilipita kama watu wanavyopita shimo njiani. Yeye alilisema peke yake akiwa kisimani, kwa sauti, ili lisikike angalau na maji.

Miaka ilipita hivyo. Nyumba ndogo ya Thomasi ilianza kupasuka ukuta. Milembe akawa anaipaka udongo kila baada ya masika, ingawa wanawake wenzake walimwona anajichosha bure.

Mwaka ambao macho yalianza kumsumbua, alikwenda hospitali ya wilaya Bariadi. Foleni ilikuwa ndefu. Kwenye benchi la upande wa pili walikaa watu wa namna mbalimbali, kijana mmoja akitikisa goti bila kukoma, mzee ameshikwa mkono na mkewe, na mbele yao muuguzi mnene mwenye sauti ya kusikika mbali alikuwa akizungumza nao kwa Kisukuma. Ndicho kilichomgeuza Milembe kichwa, kile Kisukuma mahali ambapo wote huzungumza Kiswahili cha ofisini.

"Mgonjwa wa akili ni mgonjwa kama wa malaria," muuguzi alikuwa akisema. "Si mfungwa, wala si mali ya ukoo. Ana haki ya kuambiwa dawa anayopewa ni ya nini. Ana haki ya kutembelewa. Hapigwi, hafungwi kamba kama mbuzi. Na wale wanaopelekwa mbali kwa amri ya hakimu, amri ile ni ya kutibiwa, si hukumu ya kifungo. Akipata nafuu wanatakiwa wamtazame upya. Akipona, anaruhusiwa. Mwenyewe anaweza kuomba atoke, na ndugu anaweza kumwombea."

Jina la Milembe liliitwa chumba cha macho. Hakulisikia. Likaitwa tena. Alikuwa amehamia benchi la pili, amekaa mwisho kabisa, kitenge amekikunja mapajani kwa mikono miwili.

Wagonjwa walipokwisha alimfuata yule muuguzi. Aliitwa Joyness, mtu wa Nyashimo, amehamishiwa Bariadi mwaka uleule.

"Mayu," Joyness akamwita, yaani mama, "una shida gani?"

"Hayo uliyosema," Milembe akasema, "ni ya kweli, au ni ya kuwatuliza watu?"

"Ni ya kweli. Ni sheria."

"Na mtu akikaa kule miaka mingi?"

Joyness alimvutia kiti. "Una nani kule?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kumuuliza. Milembe akataja jina la mwanawe mbele ya mtu mwingine, na lilipotoka mdomoni lilimletea kilio ambacho hakukitegemea, cha kelele, cha mtu mzima, mpaka watu wa foleni ya dawa wakageuka.

Hospitali ilikuwa na redio ya upepo ya kuwasiliana na hospitali nyingine. Joyness alimwambia aende, arudi kesho, labda na keshokutwa, kwa kuwa kule watapaswa kumtafuta. Milembe hakwenda popote. Alilala kwa mtu wa ukoo wao huko Somanda, na asubuhi alikuwa kwenye mlango wa chumba cha redio kabla ya mwenye ufunguo. Mitambo ilikoroma, sauti ikaja na kupotea, Joyness akarudia jina mara kadhaa kwa kulikata vipande. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu. Milembe alimtazama usoni jinsi mtu anavyotazama mawingu baada ya kupanda.

"Yupo," Joyness akasema.

Milembe akakaa chini sakafuni.

"Yupo, mayu, na ni mzima. Anafanya kazi bustanini na kutengeneza mashine zao. Wanasema alipata nafuu muda mrefu uliopita. Walishauliza huku kama ndugu watampokea." Joyness alisita. "Walijibiwa kwamba hakuna aliye tayari."

Milembe hakuhitaji kuambiwa nani alijibu. Alirudi Dutwa, na badala ya kuingia kwake akapitiliza hadi kwa Mashimba. Alimkuta akikamua ng'ombe. Milembe alikuwa mwanamke wa adabu zake. Miaka yote hakuwahi kuzungumza na shemeji yake akiwa amesimama. Siku ile alisimama.

"Shemeji, uliulizwa kama tutampokea Thomasi?"

Mashimba aliendelea kukamua kidogo, kisha mikono ikaacha. Maziwa yalitulia kwenye kibuyu. Hakukana.

"Nina mabinti wanne," akasema. "Esteria alikuwa ameposwa. Ng'ombe wa watu walikuwa njiani. Wangesikia kwamba mwendawazimu amerudi kwenye mji wetu, wangegeuza ng'ombe wao. Ulitaka mabinti wangu wazeekee hapa?"

"Ulinitazama nikipaka ile nyumba."

"Nilikutazama."

"Kila mwaka."

"Mama Thomasi, niliogopa," Mashimba akasema, na sauti yake haikuwa ya mkubwa wa mji. "Ulikuwa hujamwona siku ile. Mimi nilimwona. Alinitazama akaniita kwa jina la baba yangu aliyekufa. Naogopa mpaka leo."

Milembe alikuwa amekuja na maneno mengi. Alimwona mzee ameinama chini ya ng'ombe, akaona kwamba maneno yale hayatamrudishia hata siku moja. "Nakwenda kumchukua," akasema, akaondoka.

Aliuza mbuzi, akafunga michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, akapanda basi la Shinyanga na kisha treni. Hakuwahi kupanda treni. Njia nzima hakulala, si kwa hofu, bali kwa sababu alikuwa akimpangia mwanawe maisha. Atalala nyumba ile ndogo. Atamlimia shamba la mtama la karibu, asitembee mbali. Jumapili watakwenda kanisani pamoja, waache watu waseme. Atamwozesha mwanamke mtulivu. Alipanga mpaka majina ya wajukuu.

Alimkuta bustanini. Hakumtambua kwa uso, kwa kuwa alikuwa amenenepa na nywele za pembeni zilikuwa na mvi, mvi za mtu ambaye mama yake bado anamwita mtoto. Alimtambua kwa mgongo, jinsi alivyoinama huku mguu mmoja mbele kama anayesikiliza mashine. Alikuwa akipita kati ya matuta ya kabichi akizungumza polepole, peke yake, na mara akacheka.

Moyo wa Milembe ukashuka. Akajisogeza.

"Ng'wanone," akamwita. Mwanangu.

Thomasi alinyanyuka. Alimtazama, na safari hii hakutafuta mtu mwingine nyuma yake.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia taratibu. "Nani amekuleta?"

"Nimejileta."

Alimshika mama yake mabega, akamwachia, akamshika tena. Walikaa kwenye ukingo wa tuta. Thomasi aliuliza habari za ng'ombe mmoja mmoja kwa majina, na wengi walikuwa wamekwisha kufa au kutolewa mahari. Michembe aliitafuna akiwa amefumba macho.

"Ulikuwa unazungumza na nani?" Milembe akauliza mwishowe.

Thomasi akaona haya. "Na mimi mwenyewe. Hapa hakuna Msukuma. Nikikaa kimya siku nyingi maneno yananipotea. Juzi nilisahau tunavyomwita ng'ombe mwenye madoa mgongoni. Basi huwa najisimulia huku bustanini, nisije nikawa bubu."

Milembe akamtajia lile neno. Thomasi akalirudia, na wote wawili wakacheka hadi machozi.

Kesho yake wakaitwa kwenye kikao. Mezani alikaa Daktari Constantine, kijana mwenye miwani, pamoja na matroni na bwana wa ustawi wa jamii. Daktari alieleza kwamba wamemtazama upya mgonjwa, dawa zinamkubali vizuri, hajafanya fujo kwa miaka mingi, na kwamba hakustahili kukaa pale muda wote huo kwa sababu tu nyumbani hakukujibiwa vizuri. Alisema hilo bila kujitetea. Milembe alikuwa amevaa kitenge kipya na tayari amekishikilia kifurushi cha nguo za mwanawe.

"Basi nitamchukua leo," akasema kwa Kiswahili chake. "Treni inapita jioni."

Daktari akaitikia kwa kichwa, lakini akageukia upande mwingine. "Thomasi, nakuuliza wewe. Tukikuruhusu, unataka kwenda wapi?"

Milembe alitabasamu kwa swali lile, kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. Kisha akaona mwanawe anatazama mikono yake.

"Nataka kutoka," Thomasi akasema. "Nataka sana. Lakini siendi Dutwa."

Thomasi akahamia Kisukuma, akimtazama mama yake peke yake.

"Mayu, usikasirike. Nikirudi kule, nikicheka kwa sauti watakimbia kuwaita polisi. Nikinyamaza watasema inaanza. Nikigombana na mtu juu ya mpaka wa shamba, hata nikiwa na haki, nitakuwa mwendawazimu. Mabinti wa baba mdogo wataolewa na watu wataulizana habari zangu. Hapa mjini kuna Salvatory, ana mashine za kusaga. Huwa wananipeleka kumtengenezea. Amesema nikitoka atanipa kazi na chumba. Kwake mimi ni fundi. Dawa nitakuja kuchukua mwenyewe."

"Na nyumba yako?" Ndiyo maneno pekee yaliyomjia Milembe. "Nimeipaka kila mwaka."

Thomasi alifuta uso kwa kiganja.

Matroni, baada ya Thomasi kumrudia yale kwa Kiswahili, alimwinamia Milembe kwa upole. "Mama, wewe umekaa naye tangu jana. Kuna jambo lolote umeliona katika hali yake ambalo tunapaswa kulijua kabla hatujaamua?"

Waliuliza kwa nia njema. Lakini Milembe aliona mlango uliofunguliwa. Angeweza kusema: nimemkuta akizungumza peke yake shambani, akicheka. Lingekuwa neno la kweli. Na baada ya neno lile nani angemwachia akapange chumba mjini peke yake? Wangesema arudi na mama yake aangaliwe, au abaki kwanza, na akibaki Milembe angerudi mwaka ujao kumchukua. Kwa vyovyote angekuwa wake. Alimwona tayari kwenye nyumba ile ndogo, akila kwenye bakuli lake. Alimtamani mpaka kifua kikamuuma kama kilivyomuuma alipomwachisha ziwa.

Ndipo akakumbuka jinsi Mashimba alivyosimama mbele ya hakimu akasema kwa niaba ya mtu ambaye hakuulizwa.

"Hakuna," Milembe akasema. "Mwanangu mzima. Anayosema ni yake."

Alikaa mjini siku chache. Aliona chumba, kidogo, chenye dirisha la kutazama ukuta, akakifagia mara mbili ingawa hakikuwa kichafu. Alimwona Thomasi akifungua mashine ya kusaga mbele ya wateja wenye haraka, mikono imekuwa myeusi tena, na Salvatory akimwita fundi kila neno la tatu. Alimpikia. Alimfundisha upya majina ya ng'ombe kwa rangi zao, na Thomasi akayarudia akiwa amelala chali kitandani, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Siku ya kuondoka, kituoni, alimshika mkono.

"Utakuja wakati wa mavuno?"

"Nitakuja nikiona naweza, mayu."

Ndani ya treni Milembe alilia bila kujificha, na mwanamke asiyemjua akampa nafasi ya dirishani.

Alirudi Dutwa peke yake, na watu waliomwona akishuka bila mtu walidhani amenyimwa mwanawe, akawaacha wadhani. Kwa Joyness ndiko alikoeleza yote. "Nilikwenda kumtoa," alisema, "na ametoka. Mbona nimebaki vilevile?" Joyness alimshika mkono, akamwambia kwamba waliokaa benchi lile wengi wangetamani kusikia alivyojibu kikaoni. Milembe akawa anakwenda siku za kliniki pale macho yalipomruhusu, anakaa na wale wake za watu na mama za watu. Aliwaambia watakapoulizwa na madaktari waseme kweli, lakini wamwache mgonjwa naye aulizwe.

Thomasi alikuja baada ya miaka miwili, bila kutangaza, kipindi ambacho pamba ilikwisha kuvunwa na mashamba yamebaki vijiti. Alishuka kwenye basi na begi dogo. Mashimba alisikia, akaja, akasimama mlangoni pa uzio akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Thomasi alimwendea, akamwamkia kama mtoto anavyomwamkia baba. Walikaa jioni ile wakizungumza habari za mashine ya maji iliyoharibika kijijini, na kesho yake wakaenda wote kuitazama. Wanawake walichungulia. Watoto walimfuata kwa mbali, kisha kwa karibu.

Alilala kwenye nyumba yake. Milembe aliamka mapema kuliko kawaida, akakaa jikoni akisikiliza tu mtu akikohoa upande wa pili wa ua.

Siku ya tatu alisema lazima arudi, mashine za watu zinamngoja na vidonge vyake vinakaribia kwisha. Milembe alimsindikiza mpaka barabarani. Upepo ulirusha vumbi, wakajifunika nyuso, wakasubiri. Basi lilipoonekana juu ya kilima Thomasi alitazama saa, akatazama mama yake, akasema amekula vizuri na amelala vizuri. Milembe akamtengeneza kola ya shati, ingawa haikuhitaji kutengenezwa.

Alitamani kumuuliza atarudi lini. Neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Akalimeza, akamwambia aketi upande usio na jua, na akabaki amesimama pale barabarani muda mrefu baada ya vumbi kutulia.